Meneja wa Ghala la Mama Alex

Febronia aliponunua mbwa, watu wa Ifakara walimwuliza maswali mawili tu: anakula nini, na mbona habweki. La kwanza alilijibu kila alipoulizwa. La pili alilipita kimya, kwa sababu kule kutobweka ndiko kulikompunguzia bei.

Mtaani wanamwita Mama Alex, kwa jina la mwanawe anayesoma Morogoro. Ni Mpogoro, aliyeshuka kutoka Mahenge akiwa binti mwenye ndoo moja ya karanga, na biashara alijifunzia stesheni, chini ya madirisha ya treni. Treni inasimama dakika chache. Mnunuzi yuko juu, wewe uko chini, na honi ikilia mmoja wenu lazima akubali. Febronia aligundua mapema kwamba anayekubali ni yule mwenye haraka, basi akajizoeza kutokuwa na haraka hata magurudumu yakianza kuzunguka. Karanga zikamfikisha kwenye mchele wa debe, debe likamfikisha kwenye gunia, na sasa ana mashine ya kukoboa, uwanja wa saruji wa kuanikia mpunga, na ghala la bati upande wa Kibaoni, vyote ndani ya ukuta mmoja wenye geti moja.

Wengi hudhani kazi ya ghala ni kununua na kuuza. Wakulima wa bondeni huvuna kwa pamoja, na wakivuna kwa pamoja bei huanguka kwa pamoja. Mwenye akili haukimbizi mpunga wake sokoni, anauweka. Auweke wapi? Nyumbani kuna panya, kuna paa linalovuja, kuna mashemeji. Anampelekea Mama Alex, anarudi kijijini na kulala. Ghala la Febronia halikuwa na kitu kingine cha kuuza zaidi ya huo usingizi wa mkulima.

Ndiyo maana alitaka mbwa wa maana, si hawa wa mtaani wanaobwekea hata jani. Alisikia kwamba huko Mlimba kuna mstaafu wa reli anayeitwa Venance, mwenye jike kubwa lililoletwa kutoka shamba moja la Zambia, la ile mbegu ya Afrika Kusini iliyozalishwa kulinda mashamba. Kwenye karatasi mbegu hiyo inaitwa Boerboel. Jina hilo lilipofika Ifakara lilikobolewa kama kila kitu kingine, likabaki Boboli.

Alipofika, hakuomba kuona watoto. Aliomba kumwona mama yao kwanza. Jike lile likanyanyuka, likasimama kati yake na watoto, kimya, kichwa chake kikiwa usawa wa kiuno cha mtu. Halikuunguruma. Venance alipomshika Febronia bega na kusema, "Huyu ni wetu," jike likasogea pembeni na kulala tena. Pale pale Febronia alikuwa ameshaamua kununua, ila uso wake haukusema chochote.

"Chukua huyu, mama," Venance alisema, akinyanyua mtoto mmoja aliyekuwa akibweka mpaka anatetemeka. "Sikia sauti hiyo. Huyu ni askari tayari."

"Anabweka nini?"

"Anakubwekea wewe."

"Mimi nimemfanya nini?"

Venance akacheka peke yake. Febronia aliangusha funguo zake sakafuni, makusudi. Watoto sita wakatawanyika. Wa saba, aliyekuwa amekaa nyuma ya ndoo, alizitazama funguo, akaziendea, akazinusa, akarudi kukaa mahali pake.

"Na huyu bubu?"

"Huyo bado bado. Ni mpole kidogo."

"Mbwa wa ulinzi mpole," Febronia alisema, akitikisa kichwa kama mtu anayesikitika. "Basi huyo utanipunguzia."

Walikuwa wamepatana magunia matatu ya mpunga. Aliondoka na yule bubu kwa mawili.

Kulea Boboli si kama kulea mbwa wa makombo, na bwana mifugo, kijana mmoja makini anayeitwa Deus, alimweleza hivyo siku ya chanjo ya kwanza. Watu huona mtoto mkubwa wakataka awe mkubwa zaidi, wanamshindilia chakula, na mifupa inalemewa kabla haijakomaa. Mbwa anabaki na miguu ya upinde maisha yake yote. Akue taratibu, Deus alisema. Asirukeruke kutoka kwenye malori mpaka avuke mwaka na nusu. Ale mara mbili kwa siku, kisha apumzike, maana mbwa wa kifua kirefu akila na kukimbia tumbo linaweza kujinyonga, na hapo hakuna wa kumwahi.

"Na pumba?" Febronia aliuliza. Pumba za mashine alikuwa nazo za kumwaga.

"Pumba waachie nguruwe, mama. Huyu mpe ugali wa dagaa, mpe utumbo na mapafu ya buchani. Mfupa mpe mbichi na mkubwa, wa kuku usimpe kabisa."

"Anakula kuliko kuli."

"Ila hagomi," Deus akajibu.

Hilo Febronia alilikubali. Joto alilipatia dawa mwenyewe: alichimba shimo pana nyuma ya mashine, akalijaza mchanga, na kila jua likipanda mchanga ule ulimwagiwa maji. Mbwa alijilaza humo kuanzia saa tano mpaka saa tisa, kifua chini, ulimi nje. Kila Jumamosi alikaguliwa kupe masikioni na kati ya vidole. Mara moja kwa mwezi alipandishwa kwenye mizani ya magunia, na makuli wakabashiri uzito wake, wakizozana kama kwenye mpira. Alipovuka kilo sabini walimpigia makofi.

Jina walimpa wao. "Anakuja asubuhi," mmoja alisema, "anazunguka uwanja, anamtazama kila mtu usoni, hafanyi kitu, kisha anakwenda kulala kivulini. Huyu si mbwa, ni meneja." Likamganda.

Kitu kimoja Deus alikirudia kila alipokuja. "Usimfunge mnyororo, usimpige, usimfiche watu. Mbwa mkubwa mwenye hasira unamjua. Mbwa mkubwa mwenye woga humjui, na huyo ndiye anayeng'ata mtoto." Basi Febronia akamzoeza. Alimpitisha sokoni, kwenye kelele za wauza kambale, mbele ya pikipiki, katikati ya watoto wa shule. Meneja alijifunza kwamba dunia imejaa watu na wengi wao hawana neno. Alijifunza pia, bila kufundishwa na mtu, jinsi ya kumjua mwenye neno na asiye na neno. Mtu akipiga hodi getini, na sauti ya nyumbani ikajibu "Karibu," huyo ni wa kuingia. Asipokaribishwa, Meneja anasimama mbele yake, na mtu mwenyewe anakumbuka ana safari nyingine.

Miaka miwili mambo yalikwenda hivyo. Mwanzoni mwa mavuno ya mwaka wa tatu, likatokea.

Ilikuwa saa saba mchana, jua limesimama, makuli wamekwenda kula, Febronia yuko benki. Nyumbani alikuwepo Edna peke yake, wifi yake, anayepika chakula cha makuli kwenye banda la jiko upande wa pili wa uwanja. Edna alikuwa ameinamia sufuria ya maharage aliposikia getini, "Hodi hapa!"

"Karibu!" akaitikia, bila kuinua kichwa.

"Shikamoo, dada!"

"Marahaba! Karibu sana!"

Mtu mwenye sauti ile ya adabu akaingia na bajaji ya mizigo na wenzake wawili. Meneja alinyanyua kichwa kutoka mchangani, akawatazama. Wamekaribishwa, tena mara mbili. Akakilaza kichwa. Wakapakia magunia matano ya mpunga wa mkulima mmoja wa Mang'ula, wakayafunga kamba vizuri, wakatoka. Yule mwenye adabu alipokuwa akipita alisema, "Ahsante, dada, tumeshamaliza," na Edna akajibu, "Haya, karibuni tena!"

Febronia aliporudi alihesabu mara moja tu. Jioni ile ile alimpelekea yule mkulima magunia matano kutoka kwenye mpunga wake mwenyewe, akaomba radhi kwa maneno machache. Hilo lilikuwa jepesi. Zito lilikuwa lile lililotembea Ifakara nzima kabla ya kesho yake saa nne: kwamba kwa Mama Alex wezi wanakaribishwa mara tatu, na mbwa yupo.

Nickolaus ndiye aliyelitembeza zaidi. Nickolaus ana ghala barabara ya pili, na mbwa wanne waliofungwa minyororo kwenye kona nne, wanaobweka tangu alfajiri mpaka majirani wameacha kuwasikia. Walikutana kwenye duka la turubai.

"Mama Alex, nasikia Meneja wako siku hizi anasaini magunia yatoke."

"Ndugu yangu, angalau wangu anajua kusaini."

Wenye duka wakacheka, naye Nickolaus akacheka, kisha akasogea karibu na kushusha sauti, kama anayemwonea huruma. "Nakwambia kama dada yangu. Mtie pilipili kwenye chakula. Mfungie chumba cha giza wiki nzima, mtu asimguse. Akitoka hapo atakuwa mkali."

"Mkali kwa nani?"

"Kwa watu!"

"Wakulima wangu ndio watu," Febronia alisema, akachukua turubai lake.

Lakini ikafuata taarifa nyingine. Kikundi cha wakulima wa kijiji cha Mbingu, walioweka mpunga wao kwake misimu mitatu, walituma ujumbe kwamba mwaka huu hawajaamua. Baada ya wiki sita, mpunga ukishakauka, viongozi wao watakuja Ifakara kukagua maghala mawili, lake na la Nickolaus, na watachagua moja. Magunia ya Mbingu ndiyo yaliyojaza zaidi ya nusu ya ghala lake. Bila hayo angekoboa kwa vibaba msimu mzima, na wengine wote wangefuata njia waliyoipita Mbingu, kwa sababu bondeni watu huangalia kwanza Mbingu wamefanya nini.

Hakulia, wala hakumuuza mbwa. Alikaa kwenye gunia, akaitengeneza hesabu ya kosa lile kama anavyotengeneza ya mzigo. Mbwa hakukosea. Alifanya alichofundishwa: aliyekaribishwa aingie. Aliyekosea ni neno.

Kwa hiyo alianza na neno. Alimwita Edna.

"Wifi, kuanzia leo mtu akipiga hodi usiseme karibu."

"Nisemeje?"

"Uliza nani."

Edna alimtazama kama ameambiwa atoke bila nguo. "Mtu anapiga hodi mlangoni kwangu, mimi namwuliza nani? Nina laana?"

Hata hivyo alijaribu. Siku ya kwanza alisema karibu mara nne kabla ya chai, na kila mara alijiziba mdomo kwa kiganja. Siku ya pili aliyepiga hodi alikuwa mama mmoja wa jumuiya yao ya kanisani, amekuja kutoa taarifa ya sala ya Alhamisi. Edna akajikaza, akapaza sauti, "Nani?" Yeye na Febronia walipotoka kutazama, yule mama alikuwa ameshafika njia panda, mgongo umenyooka, hageuki. Alhamisi kwenye jumuiya hakuna aliyekaa karibu na Febronia. Jumapili akaulizwa kama ni kweli siku hizi nyumbani kwake mtu anahojiwa kama yuko polisi.

Febronia akajua bei ya jambo hilo, na hakuwa tayari kuilipa. Unaweza kumfundisha mbwa chochote. Mtu wa Ifakara hutamfundisha kunyamazia hodi.

Akaacha neno, akaenda kumtazama mbwa. Siku tatu alikaa kwenye kivuli cha mashine bila kufanya kazi nyingine, na makuli wakadhani anaumwa. Alichokiona kilikuwa kitu kidogo. Mgeni akiondoka, Febronia au Edna huinuka na kumsindikiza mpaka barabarani, kama kila mtu anavyofanya, na Meneja hutembea nao mpaka getini, kisha hurudi na kulala. Lakini mgeni akiondoka peke yake, labda kwa sababu wenyeji wameshikwa na kazi, Meneja hanyanyuki. Anainua kichwa. Anamfuata kwa macho mpaka atoke, masikio mbele, kisha anamtazama Febronia, kana kwamba kuna karatasi haijasainiwa.

Kumbe mbwa mwenyewe alishaona kasoro. Hakuna aliyemwuliza.

Basi Febronia akaligeuza geti. Kuingia kubaki kama kulivyo, kila mtu akaribishwe, hata mwizi. Kutoka ndiko kuwe na mlango. Asiyesindikizwa na mmoja wa wenye nyumba hatoki.

Mafunzo yalifanyika asubuhi, kabla jua halijauma, na mfuko wa mapafu ya ng'ombe yaliyokaushwa. Kuli mmoja anapiga hodi, Edna anaitikia karibu kwa raha zake zote, kuli anaingia, anazunguka, kisha anajiendea getini peke yake. Febronia amesimama pale na Meneja, kamba mkononi. "Zuia." Mbwa anasimama katikati ya njia. Pafu. Kisha Edna anakuja, anamshika yule kuli mkono, wanatoka wote. "Waache." Mbwa anakaa. Pafu. Tena, na tena, kuli mwingine, kanga nyingine, kofia nyingine, mwenye gunia na asiye na gunia.

Kuzuia alikujua kwa siku tisa. Kilichochukua wiki tatu ni kumfundisha asizidishe. Siku moja kuli mwenye masihara alijifanya kumruka, na Meneja akamshika suruali kwa meno. Hakumchubua, ila Febronia alisimamisha kazi hapo hapo. Hakumpiga mbwa. Alimtoa uwanjani, akamrudisha mchangani, na siku ile hakuna aliyemsemesha. Kwa mbwa wa mbegu ile hiyo ni adhabu nzito kuliko fimbo, maana anachokitaka duniani ni kuwa kazini karibu na watu wake. Kesho yake Febronia akaanza upya, taratibu. Kilo sabini zikisimama mlangoni hazihitaji meno. Alitaka Meneja ajue hilo kama yeye alivyojua kwamba mwenye mzigo mzuri hana haja ya kupiga kelele.

Kulikuwa na usumbufu. Kila jioni makuli kumi na wanne walijazana getini kwa sababu hawakuweza kutoka, mpaka Febronia aache daftari aje awasindikize wote kwa mkupuo hadi barabarani. "Kwaherini." "Haya bosi, kesho!" Wiki ya pili aligundua kwamba wanapenda. Hakuna tajiri aliyewahi kuwasindikiza.

Viongozi wa Mbingu walikuja Jumanne, saa nne asubuhi, wakitokea kwa Nickolaus. Walikuwa wawili: Mzee Fridolin, mwenyekiti, mwenye kofia ya pama na fimbo, na Mbuke, mweka hazina, mama wa Kisukuma mwenye mashamba makubwa ya mpunga na ng'ombe wengi zaidi ya anaowataja. Fridolin ndiye msemaji. Mbuke ndiye anayeamua. Febronia alilijua hilo tangu msimu wa kwanza.

"Hodi!"

"Karibuni!" Edna aliimba kutoka jikoni.

Wakaingia. Febronia akamwamkia mzee, akaitikiwa marahaba, na kusalimiana na Mbuke kwa mikono miwili. Meneja alikuwa mchangani, amelala kama gogo.

"Huyu amelala au amekufa?" Fridolin aliuliza.

"Amelala, mzee."

"Kule tulikotoka tumebwekewa mpaka nimeshindwa kusikia bei."

"Na mliingia?"

"Tuliingia, ndiyo. Mwenyewe aliwafokea wakanyamaza."

"Ahaa," Febronia akasema, akaliacha hapo.

Mbuke alimwendea mbwa jinsi anavyomwendea dume la ng'ombe mnadani, kwa ubavuni, polepole. Akainama, akampapasa goti, akamwinua mdomo na kutazama ufizi. Meneja alimwacha.

"Miguu imenyooka," Mbuke alisema. "Hukumharakisha."

"Sikumharakisha."

Wakaingia ghalani. Fridolin akagonga kuta kwa fimbo, akatazama mbao zilizoinua magunia kutoka sakafuni, akauliza habari za panya, akajibiwa. Wakati anauliza la pili, Febronia aliona kwamba Mbuke hayupo. Hakugeuka. Aliendelea kujibu.

Mbuke alikuwa ametoka mlango wa nyuma wa ghala, amechukua kigunia cha mbegu cha kilo kumi kilichokuwa juu ya rundo, amejitwisha kichwani na kujifunga kitenge upya, na sasa anavuka uwanja kuelekea getini kwa mwendo wa mama anayekwenda zake sokoni. Alipopita jiko akasema, "Haya dada, tumeshamaliza!" Hata yeye alikuwa amekisikia kisa, tena kwa maneno yake yote.

"Haya, karibu tena!" Edna akaitikia. Kisha akainua kichwa. Hicho ndicho kilichokuwa kipya kwa Edna: baada ya kuitikia, sasa anatazama. Akaona, akafuta mikono, lakini hakukimbia.

Meneja alikuwa ameshafika. Mbuke hakumwona akinyanyuka. Alimwona tu amesimama getini, upana wake wote, mkia umetulia, mdomo umefungwa. Mbuke akaenda kushoto, mbwa akawa kushoto. Akaenda kulia, mbwa akawa kulia. Akachomoa kipande cha andazi kwenye kitenge na kukidondosha chini. Mbwa alikinusa, akamtazama.

"Toka!" Mbuke akasema, kwa sauti inayosogeza ng'ombe mia.

Meneja akakaa chini. Alikaa pale pale katikati ya geti, kama mtu anayesubiri foleni isogee.

Mbuke akashusha kigunia, akakikalia, akapaza sauti, "Mama Alex! Njoo unisindikize, mwenzio nimekwama!"

Walipotoka ghalani Fridolin aliona mweka hazina wake amekaa uso kwa uso na mbwa, akacheka mpaka kofia ikaanguka. Febronia hakucheka. Hii ndiyo ilikuwa honi ya treni, na aliijua. Alimwendea Mbuke, akamshika mkono, wakapita ubavuni mwa mbwa, wakatembea mpaka barabarani na kurudi. Meneja hakujisumbua hata kugeuza shingo.

"Haumi?" Mbuke aliuliza.

"Hajawahi."

"Habweki?"

"Sijui. Sijamsikia."

"Sasa mimi nikuulize," Mbuke alisema, akifuta jasho. "Wifi yako ni mtu wa watu. Mwizi akimwambia dada nisindikize, si atamsindikiza?"

Fridolin akaacha kucheka. Edna akasogea karibu, mwiko mkononi.

"Atamsindikiza," Febronia alisema. "Na akimsindikiza atakuwa ametembea naye hatua hamsini, ameona uso wake na gunia lake na namba ya bajaji yake. Mwizi gani anataka hivyo? Mama, sikudanganyi. Mbwa halindi ghala. Mbwa anamshikilia mtu mpaka mwenye nyumba amtazame. Mara ile hatukutazama. Kosa lilikuwa la kwetu, na magunia yale niliyarudisha siku ile ile, wewe unajua."

"Najua. Na wewe ukiwa Morogoro?"

"Nikiwa Morogoro, na Edna hayupo, hakuna anayetoka. Hata makuli wanalala hapa."

"Hata mimi?"

"Hasa wewe, na hicho kigunia."

Sasa Mbuke ndiye aliyecheka, cheko fupi la puani. Akamtazama Fridolin, na Fridolin akaanza kuvaa uso wa mwenyekiti. "Sisi kama kikundi," alisema, "tungependa kwanza tukae, tutafakari..."

"Tutaweka hapa," Mbuke alisema. "Lakini kufuli ziwe mbili. Moja yako, moja yetu. Ghala halifunguliwi bila mtu wa Mbingu."

Febronia alikuwa tayari kwa kufuli mbili tangu wiki ya pili ya kuwasubiri. Alinyamaza kwa muda unaostahili, akakuna shavu, akatazama bati, kisha akasema, "Hilo gumu. Mtu wenu atakaa wapi? Atakula wapi? Nitakubali, ila na mimi nina langu. Mpunga ukija mbichi, naurudisha. Sitaki mwaka huu mtu aniletee unyevu halafu aseme kwa Mama Alex kumeota kuvu."

"Mpunga wetu mkavu!" Fridolin alisema, ameumia.

"Basi hamna cha kuogopa, mzee."

Wakashikana mikono. Edna akapakua maharage na wali, na hakuna aliyeruhusiwa kuondoka kabla ya kula.

Trekta la kwanza la Mbingu liliingia Alhamisi, limepakia hadi juu, Fridolin amekaa mbele kando ya dereva kama bwana harusi. Nickolaus alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara, mikono mfukoni. Makuli wakaanza kushusha. Febronia alichoma bambo, chuma chenye mfereji wa kuchotea nafaka, kwenye kila gunia, akatoa punje, akaiweka chini ya jino. Kavu hupasuka na kulia. Kavu, kavu, kavu. Kwenye trela la nyuma punje ikabonyea.

Akachoma la pili, na la tatu, mpaka la kumi na moja.

"Haya kumi na moja hayashuki," akasema.

"Mama Alex, mbele za watu!" Fridolin alinong'ona. "Ni ya shamba langu mwenyewe hayo."

"Ndiyo maana nakwambia mapema, mzee wangu. Uwanja upo, turubai lipo, jua ndilo hilo. Yaanike hapa siku mbili, kisha nitayapokea kwa mikono miwili."

Mbuke, aliyekuja na lori lililofuata, alishuka, akachukua punje moja kwenye kiganja cha Febronia, akaitafuna, akaitema.

"Yaanikwe," akasema, na kuanza kukunja kitenge chake ili asaidie kutandaza turubai.